Seti mpya ya spana ilinishinda, soketi ya mtumba ikaniokoa

Nianze kwa kumshukuru jirani yangu aliyeniambia, "Kaka, chuma ni chuma tu, usiwatajirishe wenye maduka." Ushauri huo ulinila Jumamosi nzima, ngozi ya vidole viwili na elfu ishirini na tano.

Shida yenyewe ilikuwa kumwaga oili ya pikipiki. Bolti ya chini ya injini, namba 17, yaani milimita 17 kutoka upande hadi upande, kazi ya dakika tano. Ila fundi aliyenitangulia aliikaza kwa spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, ambayo kwa kula kona za nati haina mpinzani, na washa ya shaba, kile kipete cha kuzuia oili kuvuja, hakuirudisha. Nadhani aliona akikaza mpaka mishipa imtoke, oili haitavuja. Kona zilikuwa zimeshaanza kulika. Mimi nilikuja kumalizia tu.

Seti niliichukua kwa machinga, bei nimeshaitaja. Spana zinang'aa kama vijiko vya harusi, kila moja imegongwa "Chrome Vanadium", yaani chuma kigumu cha vifaa. Maneno hayo hata kopo la nyanya linagongeka.

Nikalala chini, nikaingiza mdomo wa spana, nikavuta. Wapi! Jirani, aliyekalia ndoo akinisimamia kama mhandisi, akasema niongeze urefu. Nikachomeka kipande cha bomba la maji kwenye mpini, nikavuta kwa mwili mzima, nikasikia kitu kinalegea taratibu. Nikapiga kelele, "Inakuja!" Kumbe inayokuja ni spana. Mdomo umepanuka kama wa sato aliyetolewa ziwani, ukateleza, na ngumi yangu ikaenda moja kwa moja kwenye injini. Nilipoitazama, ile 17 ilikuwa karibu inatosha kwa 19. Kosa langu pia lilikuwa kutumia upande wa mdomo, unaoshika pande mbili tu, wakati ringi, ule upande wa duara, inakumbatia bolti yote. Lakini ringi ya seti ile nayo ilikuwa inacheza tangu kwa machinga, tusidanganyane.

Tukaja kwenye tindo na nyundo. Hapa nitakuwa mfupi. Nyundo ilikuwa ya machinga yuleyule. Pigo la tatu kichwa kikachomoka kikatua kwenye beseni la nguo za mama watoto. Hakusema kitu. Bora angesema.

Siku ya pili nikaenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa wauza vyuma vya mtumba, mfukoni nina tupa ndogo na nati mpya za 16 na 17. Hizo nati ndizo rula yangu: unaingiza kwenye spana au soketi, unazungusha kidogo, ikicheza unairudisha. Tupa ni ya kuonja chuma. Unakwangua sehemu isiyoonekana, ukitanguliza "samahani mzee", kwa sababu muuzaji hukasirika. Chuma laini kinaliwa kama mkaa, kigumu tupa inakiuma kwa shida. Nikapata soketi namba 16, kile kikombe cha chuma cha kuvalisha kichwa cha bolti, nyeusi, mbaya kwa sura, ya pembe sita. Sita, siyo kumi na mbili: ile ya kumi na mbili inashika ncha za kona tu, na kona ndizo sina. Pamoja na mpini wake nilitoa kama elfu kumi na mbili, nikaongezewa ringi ya 17 kwa kubembeleza.

Sasa utamu. Bolti ya 17 iliyolika si ya 17 tena, kwa hiyo nikaacha kuilazimisha iwe 17. Nikaipiga tupa pande zote sita, kila upande nusu milimita hivi, nikipima kwa kuijaribisha soketi yenyewe ya 16. Saa nzima nimelala chali, unga wa chuma unaniingia machoni (vaa miwani, mimi sikuvaa). Nikaacha ikiwa nene kidogo makusudi, nikaipigilia soketi juu yake kwa nyundo ya kuazima mpaka ikazama. Kisha nikawasha injini dakika chache. Sehemu ya chini ya injini inayobeba oili ni ya alumini, na alumini ikipata moto hutanuka kuliko chuma cha bolti, mshiko unalegea. Nikavuta mara moja. Kreek! Oili ya moto ikanimwagikia kwenye kiwiko, maana kwa furaha nilisahau kuweka kidumu.

Bolti mpya na washa ya shaba havikufika elfu tano.

Wiki iliyofuata jirani alikuja kuazima spana namba 17. Nikampa ile ya seti. Kwa miaka yote ninayoazimisha watu vifaa, hiyo ndiyo ya kwanza kurudishwa siku hiyohiyo.