Kuchoka Kukimbizana na Mitindo

Uchovu wa fasheni huanza kuonekana kabatini kabla ya mwenye kabati kuutambua. Nguo mpya inaingia, inavaliwa mara mbili, kisha inasogezwa hadi pembeni kabisa. Mara nyingi haina kasoro ya wazi. Ilishonwa ipendeze pichani, na aliye pichani hapandi ngazi, hainami, wala hanyooshi mkono kufikia rafu ya juu.

Anayetaka kuujua mtindo wake aanzie kwenye kapu la nguo chafu. Kila unapofua, andika kilichomo. Baada ya wiki sita hivi utaona zile zile chache zikijirudia, na hizo ndizo mtindo wako wa sasa, upende usipende. Wapo wanaogeuza hanga zote upande mmoja na kugeuza upande wa pili kila moja ambayo nguo yake imevaliwa. Njia hiyo husaidia kidogo tu, kwa sababu nguo iliyovaliwa mara moja huhesabiwa sawa na iliyovaliwa mara ishirini. Kapu halina upendeleo huo.

Sasa chukua futi ya fundi cherehani. Tandaza shati unalolipenda mezani, lilainishe bila kulivuta, kisha pima kwapa hadi kwapa, mshono wa bega hadi bega, na urefu kutoka chini ya kola hadi pindo. Kwenye suruali pima kiuno, paja, mguu kwa ndani, upana wa pindo, na kile ambacho wengi hukisahau: umbali kutoka mshono wa katikati ya miguu hadi juu ya kiuno. Hicho ndicho huamua kama suruali itakubana ukiketi. Hifadhi namba hizo kwenye simu. Herufi na namba za saizi hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, lakini sentimita ni sentimita. Kumbuka pia kwamba tofauti ya sentimita 2 nguo ikiwa imetandazwa ni sentimita 4 ikiwa imezunguka kifua, na hapo ndipo wanaonunua mtandaoni huumia.

Pima baada ya kufua. Pamba ambayo haikufanywa irudi, yaani inywee, ikiwa bado kiwandani inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5. Fulana yenye urefu wa sentimita 70 ikapoteza 2 hadi 3 na nusu, na tumbo likaanza kuchungulia.

Fundi mzuri anaokoa nguo nyingi, ila ana mipaka. Kupunguza pindo ni kazi rahisi. Kiuno cha suruali nacho hupungua, lakini ukizidisha sentimita 5 mifuko ya nyuma huanza kukaribiana na sura yake kuharibika. Kuongeza hutegemea kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono, kwa hiyo kiangalie kabla hujalipia. Bega ndilo gumu: mkono wote sharti ufumuliwe, na gharama inaweza kuipita bei ya nguo. Kwa hiyo koti lisilokaa begani liache dukani, hata kama rangi yake inakuita kwa jina.

Tatizo kubwa la wanaochoka ni kuchoka kwa pupa. Wanatoa kila kitu, kisha wananunua upya ile orodha maarufu: shati jeupe, koti la kahawia, suruali nyeusi. Huo nao ni mtindo unaovuma, umevaa tu nguo za utulivu. Donna Karan, mbunifu wa mavazi wa Marekani, alipotoa vipande vyake 7 vya nguo mwaka 1985, nguvu yake ilikuwa kwamba viliingiliana vyote. Wanaomuiga huishia kushika idadi. Kwangu, swali la dukani ni moja: kuna nguo tatu ambazo tayari ninazo zitakazoambatana na hii? Zitaje. Ukianza kusema “nikipata viatu vya…”, irudishe.

Kagua kitambaa pia. Kiinue kwenye mwanga. Kikionyesha vidole vyako vyote, hakitadumu, isipokuwa kimekusudiwa kuwa chepesi. Sugua sehemu iliyofichika kwa kidole gumba. Nyuzi zikianza kusimama, vinundu vya nyuzi vitafuata kwapani na mapajani, hasa pamba ya nyuzi fupi ikichanganywa na poliesta, kwa kuwa poliesta imara hushikilia vinundu visidondoke. Suruali yenye elasteni, nyuzi zinazonyumbuka, usiikaushe kwa mashine ya joto kali. Joto huua unyumbufu, na magoti hubaki yamefura.

Mitindo mipya si haramu. Rangi inayovuma ijaribu kwanza kwenye skafu, mkanda au soksi. Umbo linalovuma, kama miguu mipana ya suruali, liazime kwa ndugu au rafiki, ulivae siku nzima ya kazi: uketi, utembee, upande gari. Jioni, kabla hujaivua, andika kitu kimoja tu: mara ngapi uliivuta ikae mahali pake.