Nilivyojifunza kuonja wiski ya rai, Mafinga

Chupa ya wiski ya rai, nafaka ya ukoo mmoja na ngano, aliyoniletea shemeji kutoka Marekani ilikaa kabatini muda mrefu. Kila nikiimimina hainukii kitu, na ikifika kooni inachoma tu. Kumbe ni baridi ya Mafinga; Julai huku pombe inalala kwenye glasi. Siku hizi namimina kidogo tu kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, naishika kwa viganja viwili mpaka ipate joto. Pua siizamishi ndani. Naiweka juu ya ukingo, mdomo nimeuacha wazi kidogo, la sivyo kilevi kinakuvamia na husikii kingine.

Kutambua harufu ndiko kulikonitoa jasho. Nilinunua sokoni pilipili manga, mdalasini, karafuu na iliki, nikatwanga kila kimoja na kukiweka kwenye kisosi chake, nikawa nanusa kisosi, nanusa glasi. Pilipili manga niliipata palepale. Mdalasini ukafuata, kwa mbali. Iliki sikuisikia kabisa. Ila kulikuwa na kitu kama majani ya mnanaa, ambayo wala sikuyanunua.

Ukali ule ni wa rai yenyewe. Sheria ya Marekani inataka isipungue asilimia 51 ya nafaka zinazotumika. Zinazobaki mara nyingi ni mahindi, yanayoleta utamu, na kimea cha shayiri. Pombe hukaa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani.

Hilo la kuchomwa sikumwambia mjomba, mtu wa ulanzi, pombe ya mianzi, tangu ujana wake. Yeye hunusa tu mbeta, kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi, akajua kama bado ni mtogwa mtamu au umeshakuwa mkangafu mkali. Alinusa glasi, akanywa tone.

"Mpwa wangu, hii imeungua."

"Pipa lake limechomwa, mjomba."

"Basi itie maji, imekaza mno."

Nikatia matone machache. Kweli, ukali ukashuka na vanila ikajitokeza, na hiyo vanila inatoka kwenye mti wa pipa, si kwenye nafaka. Nilikuwa nikidhani maji ni ya wasioweza kunywa!

Shemeji akija tena nimemwagiza yenye rai asilimia 95, nione inakuwaje mahindi yakiondoka. Visosi vyangu bado ninavyo, na safari hii nitaongeza mnanaa.