Mkeka wa Ami

Desemba 2005 nilikwenda Muscat kumtembelea ami yangu, na siku ya tatu, saa moja asubuhi, akanipeleka Ghala kucheza gofu. Mimi nilijifunzia Gymkhana ya Dar es Salaam, kwenye nyasi. Ghala, klabu iliyoanza 1971, ilikuwa bado ya mchanga na changarawe mwanzo mwisho, chini ya vilima visivyo na hata kichaka. Niliposhuka garini nikauliza kiwanja kiko wapi. Kumbe nimeshakikanyaga.

Ami akanikabidhi kipande cha nyasi za plastiki, mraba wa sentimita 30 hivi. "Hizi ndizo nyasi zako, mwanangu. Usiziache nyuma."

Njia ya kila shimo ilionyeshwa kwa nguzo fupi za rangi. Mpira ukisimama ndani ya nguzo unauokota, unatandika mkeka palepale na kupigia juu yake. Ukitoka nje, mkeka hauna kazi: unaupiga ulipo, hata kama umebanwa na mawe. Ndiyo maana ami alianza na fimbo fupi, ambayo ni rahisi kuinyoosha, akaliacha draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, mkobani. Mipira yake yote ilikuwa ya rangi ya machungwa. Mweupe kwenye changarawe ile utautafuta mpaka adhuhuri.

Pigo langu la kwanza la mkekani nilitumia chuma namba 7, fimbo ya masafa ya kati, nayo ikashuka nyuma kidogo ya mpira. Kwenye nyasi kosa hilo lina nafuu, unang'oa udongo na mpira unafika nusu njia. Pale fimbo iligonga ukingo wa mkeka, mkeka ukajikunja, chuma kikakutana na jiwe. Mkeka uliruka mbali kuliko mpira. Makali ya fimbo yakabaki na pengo kama punje ya mchele, na lipo hadi leo.

Ami hakucheka. Alisugua ardhi kwa ubavu wa kiatu mpaka kokoto zikaondoka, kwani mkeka ukikaa juu ya kokoto huinama na mpira huondoka upande. Kisha akauweka mpira karibu na ukingo wa mbele, ili nyuma yake ubaki mkeka wa kuipokea fimbo ikitua mapema. "Na wewe sogea mbele kidogo, mpira uelekee mguu wa kulia. Gonga mpira kwanza, mkeka baadaye." Kufika shimo la nne nilikuwa naupata mmoja kati ya miwili.

Kilichonitesa zaidi ni brauni, duara la mchanga uliochanganywa na mafuta na kushindiliwa, ndipo lilipo shimo. Ardhi inayolizunguka ni ngumu kama sakafu. Ukirusha mpira moja kwa moja kuelekea bendera, huenda ukadunda na kuvuka ng'ambo. Ami aliutua hatua kumi na tano kabla, akauacha ujiviringishe. Juu ya brauni penyewe mpira huenda polepole na haupindi sana, kwa hiyo unasukuma kwa nguvu na kulenga shimo lenyewe. Ukiuokota umejaa punje zenye mafuta. Kila mchezaji ana kitambaa chake mfukoni, nami sikuwa nacho, nikafutia suruali.

Saa nne upepo wa bahari ukaingia. Huo haujabadilika. Ghala sasa ina nyasi, na Al Mouj, uwanja wa mashimo 18 aliousanifu Greg Norman na kufunguliwa 2012, umelala ufukweni kabisa. Viwanja vingi vya pwani ile hupandwa paspalum, nyasi inayostahimili chumvi. Ila anayeanza saa nne badala ya saa moja, upepo utamgharimu vilevile: siku ile chuma namba 7 kilichonifikisha asubuhi hakikufika tena, nikapanda hadi namba 5, inayopiga mbali zaidi.

Shimo la tisa nilifika kwenye brauni kabla ya ami, nikakatiza katikati kwenda kuuangalia mpira wangu. Visigino vyangu viliacha vishimo vinne, viwili vikiwa kwenye mstari wa mpira wake. Alisukuma, mpira ukaingia kwenye alama ya kwanza, ukakengeuka. Akautazama kwa muda. Kisha akauokota ufagio uliolazwa pembeni, akanipa, akanionyesha: unaanzia shimoni, unazunguka ukitoka nje, usirudi nyuma. Nikafagia brauni nzima, yeye kakaa juu ya mkoba wake anafuta mpira.