Tulivyokula Iringa kwa miguu, tukamalizia ndani ya ngome

Mdogo wangu alipopiga simu kwamba anakuja Iringa kwa siku mbili, alitaka kitu kimoja tu: ale vya hapa, siyo vya hotelini. Mimi mwenyewe ni mtu wa kuja. Nimehamia kikazi, huu mwaka wa tatu, na kwa muda mrefu nimekula chipsi mayai kana kwamba sijawahi kuondoka Dar. Nikaamua tutembee wenyewe, bila mtu wa kutuongoza, tule kidogokidogo kutoka mjini mpaka Kalenga.

Kalenga nilikuwa na sababu nayo. Jina la Iringa linatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Na ngome hiyo haikuwa hapa kilimani tunapoishi sasa. Ilikuwa kule bondeni, kando ya Ruaha Mdogo, makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yamezungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Wajerumani waliuvunja kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894, ndipo baadaye wakajenga mji wao huku juu. Sikutaka mdogo wangu ale Iringa bila kuiona lilinga yenyewe.

Wiki moja kabla nilijaribu njia hiyo peke yangu, ikanishinda. Saa moja asubuhi nilikunywa supu na chapati mbili. Kufika saa nne sikutamani kitu tena, na vizuri vyote vilikuwa bado viko mbele. Jioni yake nikarudi Soko Kuu, nikawaamkia akina mama wa mboga, nikawauliza: kipi kinapatikana saa ngapi? Swali hilo ndilo lililoniokoa. Mama mmoja alinijibu bila kuacha kupanga mafungu yake: "Uyoga uwahi, mwanangu, saa tatu haupo. Na ulanzi ukiutaka mtogwa, usingoje jioni."

Mtogwa ni ulanzi mbichi, mtamu. Ulanzi ni utomvu wa mianzi: msimu wa mvua mgema hukata chipukizi, akalitegea chombo, na kinachodondoka huanza kuchachuka chenyewe. Asubuhi mtoto anaweza kuunywa. Ukilala, ni pombe. Kwa hiyo saa ya ulanzi ndiyo iliyonipangia siku nzima. Nilihesabu kurudi nyuma: Kalenga kabla ya saa saba, daladala saa tano, sokoni kabla ya saa tatu. Masharti mengine yalikuwa mawili. Sahani moja, watu wawili. Na noti ndogondogo mfukoni, maana muuza vitumbua hana chenji ya elfu kumi.

Jumamosi hiyo ya Machi mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulianzia Miomboni kwa kahawa chungu na kashata, tumesimama, mikono imeshikilia vikombe kwa ajili ya baridi. Halafu soko.

Hapo nakushauri usiwe na haraka. Uyoga ulikuwa umejazwa kwenye sado, vile vindoo vya kupimia, wa rangi ya chungwa, bado una majani ya miombo na udongo. Kulikuwa na mnafu uliofungwa mafungu, majani ya maboga, parachichi, matunda damu mekundu ambayo mdogo wangu alidhani ni nyanya mpaka alipolikata moja. Maharage peke yake yalituchukua nusu saa: ya njano, ya madoadoa, mekundu, na kila muuzaji ana maoni yake kuhusu lipi la kande na lipi la kuunga. Mama aliyeniokoa wiki iliyopita alinikumbuka. "Kamwene," akanisalimia kwa Kihehe. Tukanunua kwake uyoga, sado nusu, bila kujua nani atatupikia.

Kande tulikula kwa mama ntilie pembeni mwa soko, moto, lenye mahindi mabichi ya msimu. Hilo lilistahili sahani mbili, lakini nilishikilia sharti langu. Sambusa za kule Jamatini tulizila tukitembea. Nzuri, ila sambusa utaipata popote. Jiwe la Gangilonga tukaliacha kwa kesho yake.

Kalenga ni kama kilomita kumi na tano, barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Tuliingia kwanza makumbusho. Fuvu la Mkwawa liko pale, lililorudishwa mwaka 1954 kutoka Bremen, Ujerumani, ingawa Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa umeshaagiza lirudishwe. Ukuta wenyewe umebaki kidogo sana. Mdogo wangu alitarajia kuta ndefu kama za kwenye picha za ng'ambo, nikaona uso wake umeshuka. Nikamwambia ninachokijua: ukuta ulianguka, lakini Mkwawa aliendelea kupigana miaka karibu minne, mpaka Julai 1898. Na katika miaka hiyo Wajerumani walichoma vijiji na vyakula na kuchukua ng'ombe, ili Wahehe wasiwe na cha kumpelekea. Walimwinda kwa njaa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa walikuwa wanakula nini?"

Swali hilo tulilipeleka, pamoja na uyoga wetu, kwa mama mmoja mwenye kibanda cha chakula kando ya barabara. Tulimwamkia, nikamwomba atupikie, tumlipe kuni na kazi yake. Aliupokea, akauchambua mmojammoja, akatupa miwili ambayo hakuipenda, akauchemsha na kuunga kwa karanga zilizotwangwa. Akasonga ugali, akaongeza mnafu. "Walikuwa wanakula huu," alisema, akionyesha uyoga kwa mwiko. "Porini hakuna anayekuchomea."

Tulikula sahani moja, kama sharti lilivyotaka. Kisha tukaomba ya pili, nikalivunja.

Mtogwa uliletwa na kijana mwenye dumu kwenye baiskeli, saa saba kasoro. Ulikuwa mtamu, una povu jepesi, na kwa mbali harufu ya mwanzi uliokatwa. Tulinunua lita moja ya kuondoka nayo. Kwenye daladala ya kurudi mdogo wangu aliipakata, na tulipoanza kupanda kuingia mjini chupa ilikuwa imeshaanza kuvimba. Nikamwambia alegeze kifuniko.