Yai likitoka kwa mama, linakula nini?

Wifi yangu anajitayarisha kwenda Dar kwa matibabu ya uzazi. Ovari zake zina vifuko vingi, na daktari amemwambia mayai yanaweza kuchukuliwa yakiwa bado machanga, yakapevushiwa maabara. Juzi tunachambua mchele ukumbini akaniuliza: "Wifi, wewe unashinda maabara. Huko mayai yangu yatakula nini?"

Kazi yangu hapa Unguja ni damu na mkojo, lakini suala lake limenikaa. Watu huuliza bei, sindano, daktari. Kimiminika ambacho kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa na mbegu, kitaishi ndani yake siku tano au sita za mwanzo hakiulizwi.

Nilimwambia ni maji yaliyosafishwa mno, yenye chumvichumvi zinazokaribiana na za mirija ya uzazi, bikaboneti ya kudhibiti uchachu, amino asidi na albumini, yaani protini ya damu. Yai changa huongezewa homoni za kulipevusha, likakaa humo siku moja mpaka mbili, ndipo likutanishwe na mbegu ya mume. Mwaka 1965 Robert Edwards alionesha kwamba yai la binadamu linaweza kupevuka nje ya mwili. Louise Brown, mtoto wa kwanza kutungwa mimba maabara, akazaliwa Uingereza 1978.

Kilichomshangaza wifi ni sukari. Kwetu aliyedhoofika hupewa kitu kitamu apate nguvu. Kiinitete kichanga hakina haja nayo kubwa: siku mbili tatu za mwanzo kinategemea piruveti na lakteti, vyakula viwili vidogo kuliko sukari. Kikifika seli nane hivi, jeni zake kikishaziamsha, ndipo kinaishika glukosi sawasawa. Kwa hiyo maabara nyengine hubadilisha kimiminika siku ya tatu. Nyengine hutumia kimoja chenye vyote, kiinitete kichukue kinachokifaa. Njia zote mbili zimeleta watoto. Mie ule wa kubadilisha ndio unaonivutia, kwani unafuata njia ya mwili wenyewe: kwenye mrija piruveti ni nyingi, na kwenye mji wa mimba sukari huzidi.

Na ni kidogo mno, jamani! Maikrolita 20 mpaka 50, tone kama chozi, ndani ya kisahani, limefunikwa mafuta mepesi lisikauke. Kiangulio, kisanduku cha kulelea visahani hivyo, kinawekwa nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5 mpaka 6, na oksijeni asilimia 5, wakati hewa tunayovuta sisi ina 21. Ile kaboni dayoksaidi ndiyo inayoshikilia kiwango cha asidi. Chuoni mwalimu wetu alituonesha kwa chupa ya kukuzia seli iliyotiwa fenoli redi, rangi inayobadilika asidi ikibadilika: aliifungua akaiacha mezani, kaboni dayoksaidi ikatoka, na wekundu wake ukaingia uwaridi, kisha ukaelekea zambarau, huku tunatazama. Seli zilizomo zinaugua kwa kukaa wazi tu.

Ndiyo maana nikamwambia aulize habari za umeme. Sisi tuliokaa gizani tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 hatuhitaji kuelezwa. Je, viangulio vina betri na jenereta? Kimiminika kinasafirishwaje mpaka pale, maana lazima kibaki kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, tena kina tarehe yake ya mwisho? Nani anakipima kabla ya kukitumia?

Mama mkwe wake alikuwa na lake: hiyo albumini inatoka wapi? Nyingi hutolewa kwenye damu ya watu waliojitolea, ikapimwa maradhi; nyengine siku hizi hutengenezwa bila ya damu ya mtu. Kujua kipi kinafaa kidini atamuuliza sheikh wake, lakini kwanza kituo kimwambie kinatumia ipi. Ana haki kamili ya kujua. Wakishindwa kumjibu hayo, nimemwambia asilipe hata shilingi, atafute kituo chengine.