Waliobaki 11

Desemba 2022 kaka yangu alinikabidhi mwanawe kwa likizo nzima. Kijana wa miaka 15, ametoka kumaliza mtihani wa kidato cha pili katika shule ya bweni ambako simu ni marufuku. Alishuka basi pale stendi ya Kange, Tanga, na simu ya zamani ya babake mkononi, anaitazama kama mtu aliyefunga tangu alfajiri kisha akasikia adhana. "Shikamoo shangazi." Nikaitika marahaba. Siku ile hatukuongeza mengi.

Alichokitaka kwenye simu ile kilikuwa gemu la mapigano la mtandaoni, Free Fire. Siku ya tatu nilisonga bada, ule ugali wa muhogo, nikaunga na samaki wa nazi, nikamwita. "Nakuja." Nikamwita tena. "Nakuja, shangazi." Mara ya tatu sikuita, nilimwendea nikamtoa simu mikononi, nikaiweka juu ya friji, kioo kikiwa chini. Alinawa, akamega tonge moja, akashukuru, akaenda kulala saa moja ya jioni. Siku mbili zilizofuata alinijibu kwa "ndiyo" na "hapana" tu.

Na mimi nilikuwa mwalimu wa unasihi. Wazazi walikuwa wakikaa mbele ya meza yangu nikiwaeleza namna ya kukaa na vijana wao.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa jirani, wa darasa la saba, aliyekuja kuazima kibao cha mbuzi. Aliniambia kwa huruma, kama anayemweleza bibi yake, kwamba mechi ile haisimamishwi. Watu 50 wanarushwa kutoka kwenye ndege hadi kisiwani, kila mmoja anajitafutia silaha, na eneo salama linazidi kubana mpaka wabaki wachache. Huchukua dakika kumi, kumi na tano. Ukicheza kwa kikosi mko wanne, na mmoja akitoweka katikati, watatu wanabaki kupambana na vikosi vilivyokamilika. Kumbe sikumnyang'anya mtoto kitu cha kuchezea. Nilimtoa golikipa uwanjani mpira ukiwa unaelekea langoni.

Jioni ile nilimwomba radhi, kwa sentensi mbili. "Nilikosea kukunyang'anya simu mechi ikiendelea. Wenzako walibaki watatu." Nikanyamaza. Hapo ndipo watu wazima wengi huharibu: huongeza "lakini na wewe ulipoitwa..." na radhi inageuka shitaka jipya. Aliinua macho. Nadhani kilichomgusa ni lile neno "wenzako". Hakutegemea kwamba ningejua kuna watu upande wa pili.

Kesho yake nikamuuliza kitu ambacho kweli kilikuwa kinanitatiza: kwa nini mtu akipigwa haondoki, anaanza kutambaa? Sikumwambia gemu lake ni zuri. Lilikuwa halinivutii, na vijana wa umri ule wananusa unafiki tangu mlangoni. Swali lile lilimlazimu kueleza, halikujibika kwa "ndiyo". Akaeleza dakika nzima: aliyeangushwa anatambaa huku uhai unapungua, na mwenzake akiwahi kumfikia na kutulia naye sekunde chache, anasimama tena. Wote wanne wakiwa chini, mmekwisha.

"Na wewe kazi yako nini humo?"

"Mimi nainua watu."

Siyo mpigaji. Nilikuwa nimeshajiandaa kupambana na kijana anayependa bunduki, nikakuta muuguzi.

Tulikuwa tumekaa barazani, mkekani, migongo ukutani, bega kwa bega. Huo mkao ulikuwa nusu ya kazi. Ukimkabili kijana uso kwa uso anajiona yuko ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Mkitazama kitu kimoja mbele yenu, macho yake hayana haja ya kukukwepa. Simu yangu niliiacha ndani. Mara ya kwanza nilikuwa nayo, ujumbe ukaingia, nikausoma, na nilipoinua kichwa alikuwa amerudisha hedifoni masikioni. Sikuwa na la kumlaumu.

Siku chache baadaye nikaomba anifundishe. Kulipakua gemu kulinimalizia bando la wiki, na ilibidi nifute picha za harusi mbili ili nafasi ipatikane. Dole gumba la kushoto linatembea, la kulia linageuza macho na kupiga. La kulia kwangu liliganda, kwa hiyo nilitumia mechi nzima kutazama mbingu. Nilikufa kabla sijaokota hata kofia. Alicheka mpaka akajilaza mkekani. Kwa wiki nzima sikuwahi kumsikia akicheka.

Suala la muda lilitushinda mara mbili. Kwanza tulikubaliana acheze kwa muda wa saa moja, na muda ukaisha katikati ya mechi. Tukarudi palepale pa friji. Kisha tukakubaliana mechi tatu baada ya Isha. Hapo naye akagundua mwanya: ukifa mapema mechi ni ya dakika mbili, basi "hiyo haihesabiki, shangazi." Ubishi kila usiku. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyetoa kanuni iliyokaa: mechi itakayoisha baada ya saa tatu na nusu ndiyo ya mwisho, iwe ndefu au fupi, kisha simu zote mbili zinalala sebuleni kwenye chaja. Zote mbili; sharti hilo alilitia yeye, nami sikuwa na pa kujificha. Kwa siku zilizobaki alilivunja mara moja tu, usiku wa mwaka mpya, nami niliangalia pembeni.

Namna ya kumwita chakulani pia nilijifunza. Juu ya kioo, pembeni, kuna namba ya waliobaki hai. Ikiwa 40, bado sana, funika sufuria. Ikishuka chini ya 15, osha sahani, dakika chache tu zimebaki. Tangu nilipoanza kuisoma namba ile sikumwita mara mbili tena.

Usiku mmoja, baada ya Krismasi, walikuwa wanamsubiri mwenzao wa Mwanza ambaye mtandao ulikuwa umemkatikia. Kioo kimetulia, wanasesere watatu wamesimama tu wakipumua. Hakunigeukia.

"Shangazi, matokeo yakitoka, baba umwambie wewe."

Maneno yote ya ofisini yalinijia mdomoni: ungesoma, nilikwambia, simu hizi. Nikayameza. Nikahesabu wanasesere, mmoja, wawili, watatu.

"Somo gani?"

"Hesabu. Karatasi niliirudisha nusu tupu." Halafu, taratibu zaidi: "Nikirudishwa kidato cha pili, kikosi chote cha bweni kitakuwa mbele yangu."

Nilimwambia nitamwambia babake. Sikuongeza kitu. Yule wa Mwanza akarudi hewani, ndege ikaondoka.

Asubuhi, wakati akinikunia nazi, nilimwomba anionyeshe alikwama wapi. Ilikuwa aljebra, tangu kidato cha kwanza, pale herufi zilipoanza kuingia kwenye hesabu. Alikuwa ameona haya kuuliza, na kila mada iliyofuata ikajengwa juu ya shimo lile. Tukawa tunafanya maswali manne kila siku, kabla jua halijawa kali. Manne tu, siku niliyosukuma mpaka kumi, kesho yake alidai kichwa kinamuuma.

Matokeo yalitoka mapema Januari, jioni. Nilikuwa jikoni nilipoyafungua kwenye simu. Hesabu ilikuwa F. Kwa jumla alikuwa amefaulu, anaingia kidato cha tatu. Nikatoka barazani mbio, simu mkononi, nikiwa nimeshafungua mdomo.

Alikuwa amejikunja juu ya kioo, mtu wake akikimbia kumwendea mwenzake aliyekuwa anatambaa nyuma ya ukuta. Nikatazama juu, pembeni. Nikakaa mkekani.

Simu yangu ikaita. Kaka.

"Vipi, umeyaona? Mtoto amepata nini?"

"Subiri kidogo, kaka," nikamwambia. "Tumebaki 11."