Kimto cha pini

Jana mwanangu alikuwa anachomeka pini kwenye kile kimto cha kijani, akauliza, "Mama, mbona hiki cha satini na vingine vya khanga?" Nikamwambia amalize vifungo kwanza. Sikutaka kuanza.

Kumi la mwisho la Ramadhani, oda 14, cherehani moja. Nilikuwa najisifia kukesha. Nikiitwa kula, najibu, "Mshono huu tu."

Saa saba usiku nikakata mikono ya gauni la satini ya kijani. Satini iliyobaki haikutosha kukunja mara mbili, nikaitandaza wazi, upande wa kung'aa juu. Nikachora mkono wa kwanza, nikasogeza karatasi, nikachora wa pili. Nikakata. Wa kwanza ukakaa vizuri begani. Wa pili, ule mchongo wa mbele ya kwapa, ambao huingia ndani kuliko wa nyuma, uliangukia mgongoni. Nikaugeuza: mchongo sawa, ila mng'ao umeingia ndani, nje pamefubaa. Nikaugeuza tena, kana kwamba safari hii utabadilika. Mikono miwili ya kushoto. Kitambaa kikiwa wazi, karatasi ya mkono wa pili hulazwa kifudifudi. Nimewakaripia wanafunzi wangapi kwa kosa hilohilo!

Asubuhi Kariakoo. Jora jingine, kijani kimepishana kidogo, ikabidi mikono yote miwili itoke humo. Bei nikashusha.

Tangu hapo mkasi ni wa asubuhi tu, kabla sijafungua simu, na saa tano unarudi kabatini. Kushona nakwenda kwa rangi ya uzi, si kwa jina la mteja: nguo zote nyeusi kwanza, kisha nyeupe, maana kila ukibadili uzi unabadili na bobini, na hapo ndipo mchana unapopotelea. Daftarini naandika tarehe ya kwanza kujaribu, si ya kuchukua peke yake; mabega yakibana, napata siku mbili za kufumua. Daftari likijaa, mteja namwelekeza kwa jirani. Hilo bado linaniuma.

Ikiadhiniwa Magharibi, cherehani nafunika. Watoto wanasema siku hizi mama anakula nao. Kweli nakula nao. Ila sahani zikishaondoka, pindo na vifungo navileta palepale mkekani, na jana hata yule aliyeniuliza alikuwa na sindano mkononi.